Nani Akabidhiwe Kuipima Hatari ya Benki?

Hoja mezani: Benki kubwa ziendelee kuruhusiwa kukokotoa hatari ya mikopo na mikataba yao kwa modeli zao zenyewe, na kwa hesabu hiyo zijue mtaji zinaopaswa kuweka.

MWANAHISABATI: Naunga mkono, na naanzia mwaka 1988. Mwaka huo Kamati ya Basel, inayowakutanisha wasimamizi wa benki pale Uswisi, ilitoa kanuni yake ya kwanza ya mtaji. Kwa kila 100 ya mali iliyopimwa kwa hatari, 8 ziwe mtaji wa benki yenyewe. Vipimo vyake vilihesabika kwa vidole: mkopo kwa serikali ya nchi tajiri sifuri, kwa benki za nchi hizo asilimia 20, mkopo wa nyumba 50, kampuni 100. Kampuni yoyote ile. Aliyeikopesha kampuni inayolipa madeni yake miaka nenda miaka rudi, na aliyeikopesha kampuni inayochungulia kaburi, wote waliweka 8. Benki zikauona mwanya. Mkopo mzuri una riba ndogo, mbaya una riba kubwa, mtaji ni ule ule; zikauza mizuri zikabaki na mibaya. Basel II ya mwaka 2004 ilikuja kuuziba mwanya huo. Iliiambia benki: wewe ndiye unayemjua mkopaji wako, tupe uwezekano wake wa kushindwa kulipa, nasi fomula yetu itatoa mtaji.

MKAGUZI: Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu. Namba ya hatari ikipungua, mtaji unaotakiwa unapungua. Mtaji ukipungua, gawio linanona na bonasi za mwisho wa mwaka zinanona. Umempa mtu kalamu ya kujisahihishia mtihani, kisha unategemea ajinyime maksi. Chukua Northern Rock ya Uingereza. Katikati ya mwaka 2007 ilipata kibali cha kutumia njia hiyo ya Basel II. Julai ikatangaza kwamba sasa ina mtaji wa ziada na ikapandisha gawio la nusu mwaka kwa asilimia 30. Septemba 14 watu walikuwa wamepanga foleni mitaani wakidai amana zao, jambo ambalo Waingereza hawakuwa wameliona tangu karne ya kumi na tisa. Februari 2008 serikali ikaitaifisha. Kati ya kibali na foleni haikupita hata miezi mitatu.

MWANAHISABATI: Umeutaja mfano ambao haukusaidii. Northern Rock haikuangushwa na wakopaji wake. Ilianguka kwa sababu chini ya robo ya fedha zake ndiyo iliyokuwa amana za wateja wa kawaida. Nyingi zilizobaki ilizikopa kwenye masoko ya fedha, na masoko hayo yalifunga milango Agosti 2007. Modeli ya hatari ya mikopo haikuulizwa habari za masoko. Huwezi kuihukumu kwa swali ambalo hakuna aliyeiuliza.

MKAGUZI: Na hapo ndipo ninapotaka tufike. Modeli hujibu swali lililoulizwa, na anayechagua swali ni yule yule atakayefaidika na jibu. Nenda UBS, benki ya Uswisi kwenyewe. Ilishikilia mabilioni ya tabaka la juu kabisa la hati zilizofungwa juu ya mikopo ya nyumba za Marekani. Mpango mmojawapo ulijikinga dhidi ya hasara ya asilimia 2 hadi 4 tu ya thamani, kwa sababu takwimu za bei za miaka iliyotangulia zilionyesha kinga hiyo inatosha. Baada ya kinga, kwenye ripoti za ndani hatari ya mali hizo ikaonekana kama imekwisha. Hasara ya UBS kwenye soko la nyumba za Marekani kwa mwaka 2007 peke yake ilikuwa dola bilioni 18.7. Takwimu hazikusema uongo. Ziliulizwa kuhusu miaka ambayo bei za nyumba zilikuwa zinapanda.

MWANAHISABATI: Ngoja niliweke wazi hili la matabaka, maana watu wanalilaumu bila kuliangalia. Tuseme una mikopo 100 ya nyumba, kila mmoja una uwezekano wa asilimia 5 wa kutolipwa. Unaifunga pamoja na kuuza kwa matabaka. Mwenye tabaka la juu haguswi mpaka mikopo 20 ife. Je, yuko salama kiasi gani? Kama kila mkopaji anaanguka kwa sababu zake mwenyewe, huyu kwa ugonjwa, yule kwa talaka, uwezekano wa mikopo 20 kufa pamoja hauzidi moja kwa milioni. Sasa geuza. Mikopo ni ile ile, asilimia 5 ni ile ile, ila wakopaji wamefungwa kamba moja: akianguka mmoja wameanguka wote. Uwezekano wa tabaka la juu kuguswa unakuwa asilimia 5, yaani moja kwa 20. Hakuna kilichobadilika kwa mkopaji hata mmoja. Kilichobadilika ni jinsi wanavyofuatana. Mwaka 2000 David X. Li alichapisha njia ya kuandika huko kufuatana katika fomula moja, na soko likaipokea kwa mikono miwili. Fomula ile ilisema waziwazi: nipe kiwango cha kufuatana. Walioipa kiwango kidogo ni watu.

MKAGUZI: Walikitoa wapi?

MWANAHISABATI: Kwenye bei za sokoni, hasa za mikataba ya bima ya mikopo.

MKAGUZI: Bei za miaka michache ya neema. Kutoka moja kwa milioni hadi moja kwa 20, na katikati hapo kuna namba moja tu inayochaguliwa na mtu aliyeko kwenye ghorofa ile ile na muuzaji. Hiyo hatari umeipima, au umeikubalia?

MWANAHISABATI: Katika mtaji wa mikopo, Basel II haikumwachia mtu huyo namba hiyo. Wengi hawalijui hili. Fomula ina ukoo wake. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walionyesha jinsi ya kupata bei ya opsheni, yaani haki ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyopangwa bila kulazimika. Mwaka uliofuata Robert Merton akasema: mwenye hisa wa kampuni yenye deni naye ameshika opsheni. Mali ikizidi deni, analipa deni na kubaki na kinachozidi. Mali ikipungua chini ya deni, anaondoka zake, anamwachia mkopeshaji mabaki. Kwa hiyo hesabu iliyopima bei ya mkataba wa soko la hisa ikapima pia uwezekano wa mkopo kufa. Oldrich Vasicek akaitanua kutoka kampuni moja hadi maelfu ya mikopo, na hiyo ndiyo iliyoingia Basel. Kamati ikajiwekea mkononi kiwango cha kufuatana: mikopo ya nyumba asilimia 15, benki isikiguse. Kipimo cha mwisho pia ikakiweka yenyewe: mtaji utoshe kwa asilimia 99.9.

MKAGUZI: Waeleze wasomaji asilimia 99.9 maana yake nini.

MWANAHISABATI: Kwamba hasara inayozidi mtaji itokee mara moja katika miaka elfu.

MKAGUZI: Na benki inatakiwa kuleta historia ya miaka mingapi ya wakopaji wake?

MWANAHISABATI: Isiyopungua mitano.

MKAGUZI: Miaka mitano ya kumbukumbu ili kusemea miaka elfu. Sina chuki na hisabati, mwenzangu, niliisoma na ninaiheshimu. Lakini nikiletewa ripoti yenye 99.9 nikaona chini yake kuna miaka mitano, najua kwamba sehemu kubwa ya namba ile ni imani. Merton na Scholes wenyewe walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1997. Mwaka 1998 mfuko wa Long-Term Capital Management, ambao wote wawili walikuwa wabia wake, ulizama baada ya Urusi kushindwa kulipa madeni yake, na benki 14 zikachanga dola bilioni 3.6 kuunusuru, Benki ya Hifadhi ya New York ikiwa imeziitisha mezani. Kama waasisi wenyewe hawakuliona lile wimbi, kijana wa ghorofa ya saba ataliona?

MWANAHISABATI: Hakuna aliyedai modeli huona wimbi. Ninachodai ni kwamba hujifunza, na hujifunza hadharani. Oktoba 19, 1987, soko la hisa la New York lilishuka asilimia 22.6 kwa siku moja, kitu ambacho hesabu ya Black na Scholes ilisema hakiwezekani katika umri wa dunia. Wafanyabiashara walifanya nini? Tangu hapo wakaanza kutoza zaidi opsheni zinazokinga dhidi ya anguko kubwa, na wanahisabati wakaandika upya hesabu zao kufuata bei hizo. Sasa niambie vipimo vyako vya mezani, vile vinavyopangwa na wasimamizi kama vya 1988, vilijifunza lini. Ugiriki! Chini ya kanuni za Ulaya hati fungani za serikali ya Ugiriki zilikuwa na hatari ya sifuri. Machi 2012 wenye hati hizo wakakatwa asilimia 53.5 ya thamani iliyoandikwa. Benki za Kupro zilizozirundika zilivunjika migongo, na mojawapo, Laiki, ikafungwa mwaka 2013. Sifuri ile haikuandikwa na mwanahisabati yeyote. Iliandikwa na wanasiasa, na wasimamizi wakaitia muhuri.

MKAGUZI: Hilo ni pigo la haki, nalipokea. Sifuri ile ilikuwa aibu.

AFISA MIKOPO: Wakubwa zangu, naomba kuingia. Mnazungumza kana kwamba modeli ni mambo ya New York na London. Katika mtaji, kweli, sisi huku Afrika Mashariki tunafuata vipimo vya Benki Kuu. Lakini tangu Januari 1, 2018, kanuni ya kimataifa ya mahesabu, IFRS 9, imeingiza modeli katika kila tawi. Zamani tulitenga fedha mkopo ukishaanza kuumwa. Sasa tunatenga siku unapotolewa. Mkopo wa shilingi milioni 20: uwezekano wa kutolipwa ndani ya mwaka asilimia 4, tukinadi dhamana tutapoteza nusu, basi naweka kando 400,000. Mkopaji akichelewa siku 30, mfumo unamhamishia daraja la pili, sasa tunahesabu hasara ya uhai wote wa mkopo. Tuseme uwezekano unakuwa asilimia 25. Ile 400,000 inageuka milioni mbili na nusu, na ongezeko hilo linakatwa kwenye faida ya mwezi ule.

MWANAHISABATI: Na ni sawa. Hasara ionekane mapema.

AFISA MIKOPO: Sikiliza kwanza, kaka. Nina mkulima wa korosho Mtwara. Fedha yake inatoka kwenye minada inayoanza Oktoba. Julai hana kitu, na kila anayemjua anajua hana kitu. Mkopo wake ulipangiwa marejesho ya kila mwezi kwa sababu mfumo haukujua kupanga vingine. Julai anachelewa, Agosti anachelewa, mfumo unamwita mgonjwa. Desemba anamaliza yote. Mwaka unaofuata akija, rekodi yake inasema alichelewa zaidi ya siku 30, riba inapanda au anakataliwa. Modeli imejifunza, ndiyo. Imejifunza kwamba wakulima ni watu wasiolipa.

MWANAHISABATI: Hapo aliyekosea ni aliyepanga marejesho.

AFISA MIKOPO: Kila mara kuna mtu mwingine aliyekosea! Li alikosewa na soko, Northern Rock ilikosewa na masoko ya fedha, mkulima wangu amekosewa na ratiba. Mbona modeli haikosei hata siku moja?

MKAGUZI: Dada, hapo umemshika.

MWANAHISABATI: Na mimi nimuulize yeye. Kabla ya mfumo, nani aliamua apewe nani? Afisa mikopo. Kwa kumjua mtu. Na asiyejulikana je? Mama muuza mboga asiye na hati ya kiwanja, asiye na binamu ndani ya benki? Novemba 2012 M-Shwari ilipoanza Kenya, mtu aliweza kukopa bila dhamana na bila kuonana na afisa yeyote, kwa sababu hesabu iliangalia jinsi anavyotumia simu na jinsi anavyoweka akiba. Mamilioni ya Wakenya waliopata mkopo wao wa kwanza wa benki waliupata kwa modeli. Macho ya binadamu yaliwapita kila siku bila kuwaona.

AFISA MIKOPO: Waliupata, sikatai, na wapo ambao uliwafaa. Lakini kumbuka pia Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ililazimika kuagiza kwamba mtu asiorodheshwe kama mdaiwa mbaya kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000. Maana yake walikuwapo watu waliochafuliwa jina kwa deni dogo kuliko hilo, na jina hilo likageuka data ya modeli inayofuata. Na mwezi mmoja kabla, korona ilipoingia, bodi iliyotunga IFRS 9 yenyewe ilitoa tamko kwamba kampuni zisitumie hesabu zao za hasara kwa mazoea kama mashine. Binadamu waliitwa kazini tena.

MKAGUZI: Sasa nirudi kwenye hoja yenyewe. Nimekubali kwamba vipimo vya mezani vina upofu wao. Shida yangu si kwamba modeli inakosea. Ni upande inakokosea. Mwaka 2013 Kamati ya Basel ilizipa benki 32 kubwa mikopo ile ile ya kubuni na kuziomba zikokotoe. Baadhi zilitofautiana kiasi kwamba benki yenye uwiano wa mtaji wa asilimia 10 ingeweza kuonekana ina 12 au ina 8, kwa wakopaji wale wale. Na JPMorgan, mwaka 2012. Dawati lake la London lilikuwa limejaa mikataba ya bima ya mikopo. Januari likaidhinishiwa modeli mpya ya kupima hasara, nayo ikaishusha hatari kwa nusu. Modeli hiyo iliendeshwa kwenye majedwali ya Excel, mtu ananakili huku anabandika kule. Ndani ya jedwali moja, tofauti kati ya kiwango kipya na cha zamani ilipaswa kugawanywa kwa wastani wa viwango viwili. Ikagawanywa kwa jumla yao. Chukua kiwango cha zamani 4 na kipya 6: tofauti ni 2. Igawe kwa wastani, 5, unapata 0.4. Igawe kwa jumla, 10, unapata 0.2. Nusu kamili. Mtikisiko wa soko ukaonekana nusu ya ulivyo, na dawati likapoteza zaidi ya dola bilioni 6. Kosa kama lile lingeongeza hatari maradufu, lingekaguliwa asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu lingemzuia mtu kufanya biashara. Lililopunguza lilikaa miezi, nani wa kulikagua?

MWANAHISABATI: Hoja hiyo ni nzito, na sitaizunguka. Ila inadai ukaguzi mkali, haidai kufutwa kwa modeli. Marekani iliandika mwongozo wa hatari ya modeli tangu Aprili 2011: anayejenga asiwe anayehakiki. Ufuatwe kwa ukali. Ukizifuta, unaturudisha 1988, na benki itarudi kuuza mikopo mizuri na kukumbatia mibaya. Na usifikiri vipimo vyako rahisi vinamtisha mwizi. Oktoba 2015 Imperial Bank ya Nairobi iliwekwa chini ya usimamizi baada ya bodi yake yenyewe kuijulisha Benki Kuu kwamba kuna mambo hayakwenda sawa. Benki ile ilikuwa chini ya vipimo vya mezani miaka yote.

MKAGUZI: Sitaki kuzifuta. Nataka sakafu. Desemba 2017 Kamati ilikubaliana kwamba mtaji unaotokana na modeli ya benki usishuke chini ya asilimia 72.5 ya ule ambao vipimo vya kawaida vingedai. Pamoja na hilo pawe na uwiano wa mtaji kwa mali zote, bila kupima hatari hata chembe, usiopungua asilimia 3. Andrew Haldane wa Benki ya Uingereza alilisema mwaka 2012: Basel I ilikuwa na kurasa 30, Basel II 347, Basel III ikafika 616, na katika kutabiri benki zipi kubwa zingeanguka uwiano ule rahisi ulifanya vizuri kuliko hesabu zote zile.

MWANAHISABATI: Sakafu yako itamwadhibu mkopeshaji makini. Benki yenye mikopo salama kweli italipishwa mtaji wa hatari isiyokuwapo, na itatafuta mikopo ya hatari zaidi ili mtaji huo uwe na kazi. Umeurudisha ule ule mwanya wa 1988.

MKAGUZI: Nusu yake, ndiyo. Gharama hiyo naikubali. Mwaka 2008 waliolipa gharama ile nyingine, ya mtaji usiotosha, hawakuwa wanahisa peke yao.

AFISA MIKOPO: Nyote mnabishana juu ya namba itoke wapi. Mimi nataka kujua nani aliipinga. Kwenye kamati ya mikopo, mjumbe asiyekubali mkopo jina lake linaandikwa kwenye muhtasari, na mkopo ukifa tunarudi kusoma alisema nini. Modeli ikipitishwa, faili lina saini za waliokubali tu. Aliyesema kiwango cha kufuatana ni kidogo mno, aliyesema miaka mitano haitoshi, hayumo popote. Aandikwe, na msimamizi apewe nakala.

MWANAHISABATI: Hilo nitaliunga mkono hata kesho.

MKAGUZI: Nami pia, lakini si badala ya sakafu. Umoja wa Ulaya umeianza Januari 2025 kwa asilimia 50, na itafika 72.5 mwaka 2030. Huko ndiko tutakapoona nani kati yetu alikuwa sahihi.

AFISA MIKOPO: Huku kwetu hatuna haja ya kungoja 2030. Wewe mjumbe wa bodi ya benki unayesoma haya, hesabu za mwaka zikiletwa mezani uliza swali moja: hasara hii ingekuwa ngapi kama wakopaji wetu wote wa zao moja wangekosa msimu mmoja? Kama hakuna aliyeikokotoa, usisaini.